Redio koli bila leseni kwenye boti za Mnemba: kuna ubaya gani hasa?

MwanaMatemwe

Assalaam aleikum wana jukwaa. Nawauliza wanaoijua kazi hii.

Kuna boti mbili za mbao za mashine ya nje, zinachukua wageni kutoka Muyuni kwenda Mnemba kuzamia na kutazama samaki, na pwani kuna banda la mapokezi. Zimenunuliwa redio koli sita aina ya Baofeng UV-5R ili manahodha wasemezane wao kwa wao na wasemezane na pwani. Muuzaji amesema masafa yameshatiwa, kazi ni kuwasha tu.

Bahari ni pana, redio zenyewe ni wati nne au tano, na kuanzia Nungwi mpaka Paje watu wanatembea nazo kiunoni. Sasa leseni ina maana kweli kwa mtu wa boti mbili, au ni jambo la makampuni makubwa? Na kama ina maana, inayotakiwa ni ya boti au ya redio? Halafu wapo wanaosema ukiweka toni ya siri hakuna anayekusikia na wala humsumbui mtu. Ni kweli?

---

FundiAntena_Wete

Wa aleikum salaam. Leseni tutaifikia. Kwanza ijulikane redio hizo zimetiwa masafa gani, maana maneno "yameshatiwa, washa tu" ndiyo yanayonitia hofu kuliko yote.

Fanya hivi kwa kila redio. Washa, bonyeza MENU, andika 21, bonyeza MENU tena, chagua FREQ, thibitisha, kisha toka. Rudia kwa menyu 22, hiyo ni ya mstari wa chini. Sasa badala ya namba ya chaneli kioo kitakuonesha masafa yenyewe. Pita chaneli moja moja, uziandike zote kwenye karatasi. Usibonyeze kitufe cha kusemea mpaka umalize.

UV-5R inarusha kuanzia 136 mpaka 174 MHz, na tena kuanzia 400 mpaka 480 au 520 kutegemea toleo. Ndani ya upana huo kuna watu wengi, na wengine wao roho za watu zinawategemea. Hivi ndivyo vya kutafuta kwenye karatasi yako:

136 mpaka 137 ni sehemu ya juu ya masafa ya ndege. Rubani hatakufahamu maneno, kwa sababu ndege hutumia AM na redio yako ni FM, lakini mkwaruzo atausikia.

156 mpaka 162 ni ya bahari. Humo 156.800 ndiyo chaneli 16, ya wito na dharura. 156.525 ni chaneli 70, na hii hapana ruhusa ya kuzungumza hata neno moja. Inapita ishara za kidijiti za dharura tu. Sauti ya mtu juu yake inaifunika ishara ya chombo kinachozama. 161.975 na 162.025 ni za AIS, ule mtambo unaozionesha meli zilipo. Ukizungumzia hapo karibu na njia ya meli, alama za vyombo zinapotea kwenye kioo cha nahodha mwingine, na yeye hatajua kwa nini.

406.0 mpaka 406.1 ndiyo nakuomba uiangalie mara mbili. Hayo ni masafa ya vifaa vya dharura vinavyoita setilaiti za Cospas-Sarsat. Kifaa cha dharura hurusha wati tano hivi kuelekea angani, na redio yako ina nguvu hiyo hiyo. Hakuna sababu yoyote ya kuweka chaneli hapo, lakini redio haikukatazi.

457.525, 457.550, 457.575 na wenzao wa 467 ni masafa ya mabaharia ndani ya meli, wakati wa kufunga kamba na kushusha nanga. Redio za bei nafuu zinazotoka kiwandani na chaneli za 462 na 467 huangukia karibu na hapo.

Kuhusu toni: si siri hata kidogo. Toni ya 88.5 Hz, au yoyote kati ya 67 na 254.1, ni mlio mdogo unaokwenda pamoja na sauti yako. Kazi yake ni kuifungua spika ya redio ya mwenzako isikie wito wenye toni hiyo tu. Yaani inakuziba masikio wewe, haimzibi mwingine. Yeyote asiyeweka toni anakusikia kila neno, na wimbi lako linamfunika vilevile. Hasara yake ni kuwa unabonyeza kitufe ukiamini chaneli ni tupu, kumbe kuna watu wanazungumza na wewe umejizuia kuwasikia. Kama ni lazima utumie toni, washa menyu 23, BCL, ambayo humzuia mtu kurusha chaneli ikiwa na mtu.

Na hilo la wati tano. Juu ya maji nguvu si hoja, hoja ni urefu wa antena. Kanuni ya mafundi ni hii: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya mwenzako, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Mtu aliyesimama botini, redio ikiwa mita 2 juu ya maji, na mwenzake vilevile, ni kilomita 12 hivi. Meli yenye antena mita 25 juu itakusikia kilomita 26. Ndege iliyo mita 1,000 juu inakupata kutoka kilomita zaidi ya 130. Kwa hiyo aliye Mnemba anaweza asisikiwe na mwenzake aliyekaa nyuma ya minazi pwani, akasikiwa na ndege iliyo juu ya Bahari Hindi.

---

KijanaPaje

Nakubali kuhusu chaneli za bahari, huko hapaguswi. Lakini kwa boti na mapokezi mimi naona tunakuza mambo. Weka masafa ya 446, shusha nguvu (menyu 2, LOW, inakuwa wati 1 hivi), sema kwa ufupi, basi. Ulaya nzima 446 haina leseni, watoto wanachezea. Kama ni hatari, wasingeiacha huru.

---

BiShangani

KijanaPaje, kaka, hoja yako ina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowatia watu matatani.

Ulaya haikuachia "446" hivihivi. Imeachia kuanzia 446.0 mpaka 446.2, chaneli 16, nguvu isiyozidi nusu wati kutoka kwenye antena, na antena yenyewe iwe imeshikana na redio, haifunguliwi. UV-5R inafunguliwa antena, na nguvu yake ya chini kabisa inazidi nusu wati. Huko huko Ulaya, redio hii kwenye masafa hayo ni kosa. Marekani nao wana chaneli zao huru za 462 na 467, wala si zile za Ulaya. Ruhusa ya masafa hutolewa na nchi, kwa sababu kila nchi imewapangia watu wengine masafa yaleyale. Redio iliyoandikwa "haihitaji leseni" kwenye boksi inamaanisha nchi iliyokusudiwa, haimaanishi Unguja.

Kwetu: mawasiliano ni jambo la Muungano. Msimamizi ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na sheria inayotumika ni ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Inatumika Unguja na Pemba kama inavyotumika Tanga. Watu huwachanganya na Tume ya Utangazaji Zanzibar. Tume inahusika na vituo vya matangazo, redio zile za habari na muziki. Redio koli siyo kazi yao, usiende kupanga foleni huko. Mamlaka ya Usafiri Baharini nayo inaandikisha na kukagua chombo, haigawi masafa.

MwanaMatemwe ameuliza leseni ni ya boti au ya redio. Ziko ruhusa tatu, na watu wakishika moja hudhani wamemaliza.

Ya kwanza ni ya kifaa. Aina ile ya redio iwe imekubaliwa na TCRA kuingia na kutumika nchini. Hii huulizwa kabla ya kununua, kwa jina la kampuni na namba kamili ya modeli. Asiyeuliza anaweza kukuta mzigo umezuiliwa forodhani, uwanja wa ndege au bandarini, na hapo wa kulalamikia hayupo.

Ya pili ni ya masafa ya nchi kavu, kwa ajili ya mapokezi, walinzi, madereva. Unapangiwa chaneli yako, na wengine wa eneo lako wanapangiwa nyingine. Maombi hutaka usajili wa biashara, idadi ya redio na modeli zake, nguvu kwa wati, urefu wa antena, mahali pa kituo kwa digrii, na eneo unalotaka kulifikia. Andika eneo dogo unalolihitaji kweli. Mtu akiandika "Zanzibar nzima" kwa boti mbili, anaomba masafa yasiyogawika kwa mwingine, na maombi yake yanakuwa mazito bila sababu.

Ya tatu ni ya kituo cha redio cha chombo. Hii ndiyo inayompa boti jina lake hewani: ishara ya wito, na namba ya MMSI yenye tarakimu tisa. Za Tanzania huanza na 674 au 677. Kwa anayebeba watu baharini mimi naiona hii ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo wengi hawaijui.

Kurusha kwenye masafa usiyopewa ni kosa la jinai, kuna faini, kifungo na kunyang'anywa vifaa. Na hilo la kuwa "hakuna anayejua": redio ni taa. Mpimaji mwenye antena ya mwelekeo hupata mstari mmoja kutoka alipo, akihama kidogo anapata wa pili, na mistari miwili ikikutana ndipo ulipo. Anayerusha kila siku kutoka banda moja la mapokezi, saa zilezile, ni rahisi kupatikana kuliko wote. Mara nyingi haanzi kutafutwa na serikali. Anaanza kulalamikiwa na mwenye chaneli yake.

Neno moja la mwisho, kwa sababu litaulizwa. Kanuni za kimataifa za redio zinasema chombo kilicho hatarini hakizuiwi kutumia njia yoyote iliyopo kuomba msaada. Kwa hiyo mtu anayezama akiita chaneli 16 kwa redio isiyo na leseni, hakuna wa kumlaumu. Lakini ruhusa hiyo ni ya dakika ile ya kuzama. Haimfanyi mtu abebe redio hiyo mwaka mzima kwa kusema ni ya dharura, huku akiulizia kama chai imewahi.

---

NahodhaKusi

Nimwongezee BiShangani kwenye ile ya tatu, maana leseni ndipo inapogusa uhai.

Redio ya bahari ya kufungwa, wati 25, ina kitufe chekundu kilichofunikwa na kifuniko. Ukifungua na kukishikilia sekunde tano hivi, inatuma kupitia chaneli 70 ujumbe wa kidijiti: MMSI yako, mahali ulipo kama imeunganishwa na GPS, na saa. Meli iliyo karibu inapiga kengele yenyewe, hata kama aliye zamu anatazama kwingine. Ujumbe wa kidijiti unapita mahali ambapo sauti inakwaruza na haifahamiki.

Sasa, bila MMSI redio nyingi zinakataa kutuma kabisa. Kitufe kipo, kifuniko kipo, ukibonyeza inakwambia hakuna namba. Na namba huipati bila leseni ya chombo. Kuna wanaobuni tarakimu tisa. Hii ni hatari kuliko kutoweka kitu, kwa sababu namba inaweza kuwa ya chombo cha mtu mwingine, na waokozi watapiga simu kwa familia yake, watatafuta chombo chake, wewe unaelea. Hatari hiyohiyo iko kwenye redio za mitumba zilizotoka Ulaya au Dubai na namba ya mwenye nazo wa zamani. Redio nyingi humruhusu mtumiaji kuingiza namba mara moja au mbili tu, baada ya hapo inarudi kwa wakala kufutwa. Usinunue mitumba kabla hujaiwasha na kuona kwenye menyu kama namba ni tupu.

UV-5R haina chaneli 70 ya kidijiti, haina kitufe hicho, na maji ya chumvi ndiyo adui yake. Redio ya mkononi ya bahari yenye alama ya IPX7 inahimili mita moja ya maji kwa nusu saa, na nyingi zinaelea. UV-5R ikianguka kwenye maji ya bomba unaweza kuikausha. Ikianguka baharini, chumvi inaanza kula vishikio vya betri siku ileile, na wiki ya pili inawaka lakini hairushi. Nahodha anayeiona taa anadhani ni nzima.

Chaneli za boti kwa boti kwenye redio ya bahari, ukishapata leseni, ni kama 72 na 77, na chaneli 6 ambayo pia hutumika na waokozi. Unaita 16, mnakubaliana chaneli, mnahama. Boti zikiwa karibu, bonyeza 1W. Hapa Mnemba hadi Muyuni wati 1 inatosha siku nyingi, na unawaachia wengine nafasi. Usijaribu redio kwa kuita 16 kila asubuhi. Hama chaneli ya kazi ujaribu huko.

Maneno ya dharura yabandikwe kando ya redio, yaliyochapwa, yakafunikwa plastiki. Baada ya kitufe chekundu, kwenye 16, nguvu kubwa:

Mayday, Mayday, Mayday. Hii ni boti (jina mara tatu), ishara ya wito, MMSI. Mayday, boti (jina). Nipo digrii 5 dakika 49 kusini, digrii 39 dakika 23 mashariki, kaskazini mashariki ya Matemwe, karibu na Mnemba. Naingiza maji, mashine imezima. Nahitaji kuokolewa. Watu kumi na wawili, wawili watoto, wote wana maboya. Ova.

Digrii hizo nilizoandika ni za Mnemba yenyewe, badilisha kulingana na GPS yako. Sema taratibu, achia kitufe, sikiliza. Watu husahau kuachia kitufe wakiwa na hofu, na hapo chaneli nzima inafungika, hata anayetaka kuwajibu hawezi. Kuna meli za kigeni zinazopita nje ya kisiwa, kwa hiyo manahodha wajifunze maneno hayohayo kwa Kiingereza pia. Baada ya redio, simu 112 kama mtandao upo.

---

MwanaMatemwe

Ahsanteni sana, na shukrani kwa BiShangani kwa kutenganisha zile tatu. Nimepita chaneli za redio moja: kati ya 16 zilizowekwa, kumi ziko 462 na 467, mbili ziko 156, na moja ni 136.500. Redio zimezimwa.

Yamebaki mawili. Redio hizi sita zifanywe nini? Na kwenye boti ya mbao antena ya bahari inafungwaje, maana hakuna chuma cha kushikia?

---

FundiAntena_Wete

Umefanya vyema kuzizima.

Redio sita: usizitupe, lakini usizitumie kurusha mpaka TCRA wakwambie kama modeli hiyo inakubalika na wakupe masafa. Kwa sasa zinaweza kuwa za kusikiliza. Pata waya wa programu na kompyuta yenye CHIRP, programu ya bure ya kusoma na kuandika chaneli za redio. Soma redio kwanza, hifadhi nakala ya ilivyokuwa, kisha futa chaneli zote. Weka 156.800 peke yake, na kwenye safu ya Duplex chagua "off". Redio itasikia, na ukibonyeza kitufe haitarusha. Lakini jua kuwa mtu akibonyeza kitufe cha VFO/MR anarudi kwenye hali ya kuandika masafa mwenyewe, na hapo kinga imeisha. Ndiyo maana kwa wafanyakazi wanaobadilika kila msimu mimi husema nunua redio ya kazi isiyo na vitufe vya namba, iliyotiwa chaneli za leseni na fundi, na kufungwa. Weka na kikomo cha muda wa kurusha, sekunde 60, ili kitufe kikikandamizwa mfukoni redio ikate yenyewe. Kwenye UV-5R hiyo ni menyu 9.

Redio ya masafa ya leseni ikija, mwambie fundi aweke upana wa chaneli wa 12.5 au 25 kHz kulingana na karatasi ya leseni. Hizi mbili zikichanganyika, mmoja anasikika mdogo kama yuko kisimani, mwingine sauti yake inakatika. Watu hulaumu betri.

Antena ya boti ya mbao: usinunue ya robo wimbi, ile fupi ya sentimita 45 hivi, kwa sababu hiyo inahitaji bati la chuma chini yake. Nunua ya nusu wimbi, urefu wa kama mita moja, inayojitegemea. Ifunge juu ya mlingoti au nguzo ya kivuli, mbali na nguzo za chuma za turubai angalau mita moja. Kwa kanuni ile ya juu, antena ikiwa mita 4 juu ya maji na ya pwani mita 9, unapata kilomita 20 hivi. Kuipandisha antena mita mbili kuna faida kuliko kuongeza nguvu.

Waya wa antena: kwa mita 10 za RG-58, ule mwembamba, kwenye masafa ya bahari unapoteza kama theluthi ya nguvu njiani. RG-213 ni nene na ngumu kupinda lakini hasara yake ni karibu nusu ya hiyo. Botini mita tatu nne RG-58 inavumilika. Pwani kwenye mlingoti tumia RG-213. Plagi ya PL-259 ichomelewe kwa risasi, siyo kukazwa tu kwa koleo, kisha izungushiwe tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kuanzia chini kwenda juu ili maji yateremke. Pale ndipo boti zetu zinapokufa. Chumvi inaingia kwenye waya, inapanda kama utambi wa kibatari, na shaba inakuwa nyeusi mita nzima ndani. Ukikata waya ukaona weusi, endelea kukata mpaka uione shaba inang'ara, au badilisha wote.

Umeme: redio ya wati 25 inakula ampea 5 au 6 inaporusha. Waya wa milimita za mraba 2.5, moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, fyuzi ya ampea 10 karibu na betri. Usiunge kwenye waya wa taa. Kipimo cha kumalizia ni mita ya mawimbi yanayorudi: ikisoma chini ya 1.5 ni nzuri, mpaka 2 inafanya kazi, ikipita 3 zima redio na utafute kosa kwenye plagi kabla ya kuangalia kwingine. Kupima kunahitaji kurusha, kwa hiyo pima ukishapata leseni, kwenye chaneli ya kazi, wati 1, sekunde chache.

---

KijanaPaje

FundiAntena, na zile redio za kutia laini ya simu? Zinaonekana kama redio koli, unabonyeza unasema, na hazihitaji masafa.

---

BiShangani

Nijibu mimi. Hizo zinapita kwenye mnara wa kampuni ya simu, na masafa ni ya kampuni, kwa hiyo wewe huhitaji leseni ya masafa. Kifaa chenyewe bado kiwe kimekubaliwa nchini. Kwa mapokezi, madereva wa kutoka uwanja wa ndege na ofisi ya Mji Mkongwe ni suluhisho zuri. Kuta za nyumba za mawe na chokaa, zinene kama zilivyo, huzima redio ndogo kati ya ghorofa mbili, na hizi za laini hupita panapo mtandao. Kwa baharini hazifai kuwa ndizo pekee. Panapokwisha mtandao zinakuwa bubu, na chombo cha jirani hakiwezi kukusikia hata kikiwa mita 200, kwa sababu hazizungumzi moja kwa moja.

---

Mkoani_Bahari

Samahani kuingilia. Kwa Pemba, tuna mpango wa kuweka mtambo wa kurudisha mawimbi kilimani ili boti za Misali na ofisi ya Chake zisikizane. Leseni ni ileile, au ni mtambo mdogo tu wa kawaida?

---

FundiAntena_Wete

Siyo ileile, na usiwashe hata kwa majaribio.

Piga hesabu. Kilima na mnara vikikupa mita 100 juu ya bahari, kipeuo chake cha pili ni 10. Boti yenye antena mita 9, kipeuo ni 3. Kumi na tatu mara 4.12 ni kilomita 53 na nusu hivi. Pemba iko kama kilomita 50 kutoka bara, kwa hiyo mtambo huo unafika pwani ya Tanga, na ukiwa kaskazini unaingia Kenya, ambako masafa hayohayo amepewa mtu mwingine na mamlaka nyingine. Tena mtambo unarusha kila anaposema yeyote, mchana na usiku, kwa hiyo kosa dogo la masafa linakuwa la saa zote.

Kwenye maombi andika masafa mawili, ya kupokea na ya kurusha, nguvu, urefu wa kilima na wa mnara mbalimbali, na mwelekeo wa antena. Kwa boti za Misali antena ielekezwe magharibi kutoka Chake, na nguvu ishushwe mpaka pale wanaposikia bila mikwaruzo, wala siyo zaidi. Upate pia vichujio vya mtambo, vile vya mapipa, vilivyopimwa kwa masafa utakayopewa. Usivinunue kabla ya barua ya TCRA kutoka, kwa sababu vikishapimwa kwa masafa mengine kuvirudisha ni kazi ya fundi mwenye mashine, na huku kwetu ni wachache.